Hesabu Kabla ya Sweta

Kitambaa cha kawaida hutokana na nyuzi za mtande na mshindio zinazopishana. Sweta, kinyume chake, hutokana na uzi uliopindwa kuwa vitanzi vilivyoshikana. Vitanzi hivyo hutanuka na kurudi, ndiyo maana sweta hunyumbuka. Ukubwa wa kitanzi hutegemea uzi, sindano na mkono wa mfumaji.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza sweta, hapana budi mwanafunzi afume kipande cha majaribio na kuhesabu vitanzi katika sentimita 10. Vikiwa 20, vitanzi 180 vitatoa mzunguko wa sentimita 90. Vikiwa 22, vitanzi hivyo hivyo vitatoa karibu sentimita 82 tu, na sweta litambana mvaaji. Kipande kikikosewa hufumuliwa, uzi ukatumika tena. Hivyo hata mtindo mgeni hujaribiwa bila hofu.