Kufukuzwa shule kwa wanafunzi wajawazito nchini Tanzania

Kufukuzwa shule kwa wanafunzi wajawazito nchini Tanzania ni utaratibu uliowaondoa wasichana wenye mimba katika shule za msingi na sekondari za serikali, bila nafasi ya kurudi baada ya kujifungua. Ulifuatwa Tanzania Bara kwa miongo kadhaa hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wasichana hao wanaweza kuendelea na masomo katika mfumo rasmi.

Kusimamishwa na kufukuzwa

Adhabu hizi mbili hutofautiana. Mwanafunzi aliyesimamishwa masomo hukaa nyumbani kwa muda, kisha hurudi darasani akiwa bado katika orodha ya shule. Aliyefukuzwa hufutwa katika orodha hiyo. Kwa msichana mjamzito, adhabu iliyotumika ilikuwa ya pili, ingawa ujauzito wenyewe ni hali ya muda.

Msingi wa kisheria

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni za nidhamu shuleni. Kanuni za kufukuza wanafunzi zilizotolewa mwaka 2002 zinataja sababu kadhaa: utovu wa nidhamu wa kurudiarudia, makosa ya jinai kama wizi na matumizi ya dawa za kulevya, kosa dhidi ya maadili, na kufunga ndoa. Mimba haikutajwa. Hata hivyo wakuu wa shule na maofisa elimu waliihesabu kuwa kosa dhidi ya maadili.

Kuhusu ndoa, sheria zilipingana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku kanuni za elimu zikimwadhibu mwanafunzi aliyeolewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Mwaka 2016 pia, Sheria ya Elimu ilirekebishwa na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Marekebisho hayo yalimlenga mwanamume, lakini hayakubadilisha hali ya msichana: hata pale alipokuwa amebakwa, aliweza kupoteza nafasi yake shuleni.

Utekelezaji shuleni

Katika shule nyingi wasichana walipimwa mimba kwa lazima, mara nyingine kila muhula. Baadhi yao waliacha shule wenyewe kabla ya kugunduliwa, kwa hofu au aibu.

Tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze mkoani Pwani, Rais John Magufuli alisema kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyepata mimba hataruhusiwa kurudi shuleni, na kwamba anaweza kujifunza ufundi au kulima. Waliotaka kuendelea walibaki na njia za pembeni: shule binafsi, vituo vya elimu ya watu wazima, au kufanya mitihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Njia hizo huhitaji ada, na familia nyingi hazikuweza kuilipa.

Upinzani

Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliahirisha mkopo wa elimu wa dola milioni 300 za Marekani, suala hili likiwa miongoni mwa sababu. Mkopo wa dola milioni 500 kwa ajili ya elimu ya sekondari uliidhinishwa Machi 2020.

Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Kituo cha Haki za Uzazi walipeleka malalamiko katika Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Katika uamuzi wake wa mwaka 2022, kamati iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wasichana hao. Iliitaka ipige marufuku upimaji wa lazima na kuondoa ndoa katika sababu za kufukuza wanafunzi.

Mabadiliko ya 2021

Tarehe 24 Novemba 2021, katika uongozi wa Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kuondolewa kwa zuio hilo. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatiza masomo, kwa mimba au kwa sababu nyingine, kurudi ndani ya miaka miwili.

Waraka ni maelekezo ya kiutawala. Ulitolewa bila kufuta kanuni za mwaka 2002, na kwa sababu hiyo watetezi wa haki za watoto wametaka haki ya kurudi shuleni iandikwe katika sheria yenyewe. Kurudi pia hutegemea mambo yaliyo nje ya waraka, hasa nani atamlea mtoto wakati mama yuko darasani. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hupokea akina mama wadogo pamoja na watoto wao na kuwapa elimu ya sekondari pamoja na ufundi.

Zanzibar na nchi jirani

Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina utaratibu wake. Huko wasichana waliojifungua wameruhusiwa kurudi shuleni tangu mwaka 2010. Nchini Kenya sera ya kuwarudisha ilianza mwaka 1994.