Majina Yabaki Usharikani, Hesabu Ziende Mbele: Kuchagua Mfumo Salama wa Takwimu za Kituo Atamizi

Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo kamati za sharika na wafadhili wamekuwa wakiliuliza, kila upande kwa namna yake. Kamati zinauliza: kwa nini kila robo mwaka tunataka hesabu za biashara za watu wao, na hesabu hizo zinakwenda wapi? Wafadhili wanauliza: tutajuaje kwamba vijana na akina mama waliolelewa katika kituo atamizi wamesonga mbele kweli? Maswali hayo yote yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni mfumo tunaoutumia kutunza takwimu na kushirikishana. Mfumo ukiwa mbovu, upande mmoja unapoteza siri zake na upande wa pili unakosa ukweli.

Kituo atamizi ni nini?

Neno hili linatokana na kuatamia, kama kuku anavyoatamia mayai hadi vifaranga watoke. Kazi ya namna hii ilianza Marekani mwaka 1959, katika mji wa Batavia, jimbo la New York. Joseph Mancuso alikodisha vyumba vya kiwanda kilichofungwa kwa biashara ndogo ndogo, na mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga.

Hapa Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) liliundwa kwa sheria mwaka 1973, na kwa miaka mingi limewapatia wajasiriamali mafunzo, mashine na mahali pa kufanyia kazi. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) nayo ilianzisha kituo atamizi cha biashara za teknolojia jijini Dar es Salaam mwaka 2011. Kwa mazingira yetu ya Babati, biashara zinazohitaji malezi ya aina hii ni kama kukamua alizeti, kukoboa mpunga, kufungasha asali, ushonaji na ununuzi wa mbaazi kwa vikundi.

Kuatamia kuna mwisho. Biashara inatakiwa itoke, isimame yenyewe. Ndiyo maana tunapima.

Tunapima nini?

Idadi ya waliohudhuria semina haitoshi, kwa kuwa inaonyesha kazi yetu sisi na haionyeshi maendeleo ya mjasiriamali. Vipimo vyenye maana ni hivi: biashara ngapi bado zinafanya kazi miaka miwili baada ya kutoka kituoni, mauzo na faida kwa mwezi, watu wangapi wameajiriwa, mikopo inarejeshwaje, na ni wangapi wamepata namba ya mlipa kodi, usajili wa jina la biashara au alama ya ubora ya TBS.

Vipimo vingine vinaonekana kwa macho. Lakini mauzo, faida na madeni anavijua mwenyewe, na hapo ndipo penye ugumu. Mjasiriamali akihisi kwamba faida yake itafika kwa ndugu wanaomtegemea, au deni lake litasemwa nje ya mlango wa kanisa, atataja namba ya kujikinga. Hatuwezi kumlaumu. Mwezi Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka na wakulima wa Tanzania wakabaki na mzigo. Katika hali kama ile, mnunuzi akijua kwamba kikundi kina magunia ghalani na mkopo unaiva wiki ijayo, atasubiri siku mbili tu kisha ataje bei anayotaka.

Kwa hiyo usalama wa takwimu si pambo la ofisi. Bila usalama hakuna majibu ya kweli, na bila majibu ya kweli taarifa nzuri inayopelekwa kwa mfadhili ni karatasi tu.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hii haizihusu benki na kampuni za simu peke yake. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili kwenye Tume, kueleza sababu ya kukusanya, na kutumia taarifa kwa sababu hiyo tu. Miamala ya fedha ya mtu na imani yake ya dini vimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika. Kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi nako kuna masharti yake.

Daftari la kikundi cha usharika linaloonyesha nani amelipa na nani hajalipa linaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Kamati zisilichukulie kama karatasi ya kawaida.

Mfano ulio karibu nasi

Wengi wetu tumewahi kuona vitabu vya MTUHA katika zahanati. Mgonjwa anaandikwa jina na ugonjwa wake katika rejista, na rejista inabaki zahanati. Mwisho wa mwezi mhudumu anahesabu: malaria wangapi, waliojifungua wangapi. Idadi hizo ndizo zinazoingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambao Wizara ya Afya iliusambaza nchi nzima kufikia mwaka 2013. Wilaya inaona idadi za vituo vyake, mkoa unaona za wilaya zake, na Wizara inaona za nchi. Taarifa hiyo ya mwezi haibebi jina la mgonjwa.

Sisi nasi tuna ngazi zetu: mtaa, usharika, jimbo, dayosisi, kisha mfadhili. Kanuni tunayoipendekeza ni ileile. Majina yabaki karibu na mwenye jina, na kadiri taarifa inavyopanda ngazi, ibaki hesabu tu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

1. Je, kila mtumiaji ana jina lake na neno lake la siri? Neno moja linalotumiwa na ofisi nzima ni sawa na kutokuwa nalo.

2. Je, mfumo unaweza kumpa kila mmoja sehemu yake tu? Katibu wa usharika asione madeni ya usharika jirani, na mfadhili aone jumla.

3. Je, unaandika nani aliingia, lini, na alibadilisha nini?

4. Je, unafanya kazi mahali pasipo na mtandao? Vijiji vyetu vingine mtandao ni wa kubahatisha.

5. Seva iko nchi gani, na nani ana nakala ya akiba?

6. Mradi ukiisha au mfadhili akiondoka, tunaweza kuchukua takwimu zetu zote na kuzifuta kule zilikokuwa?

7. Gharama ya mwaka wa tatu ni kiasi gani, na nani atailipa?

Mifumo iliyopo

WhatsApp inapendwa kwa kuwa kila mtu anayo. Ujumbe wake hufumbwa njiani, lakini ukishafika unakaa katika simu ya kila mwanakikundi, pamoja na simu itakayopelekwa kwa fundi kesho. Unafaa kutangaza kikao, haufai kutuma orodha ya wadaiwa.

Jedwali la Excel kwa barua pepe ni rahisi na linaweza kufungwa kwa neno la siri. Hata hivyo, kila anayelipokea anakuwa na nakala yake. Huwezi kuirudisha, wala kujua alimpelekea nani.

ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na KoboToolbox iliyojengwa juu yake, zinamwezesha mkusanyaji kujaza fomu kwenye simu bila mtandao na kuituma baadaye. Fomu inaweza kufumbwa hata seva isiweze kuisoma, ila ufunguo ukipotea, takwimu nazo zimepotea. Seva za umma za KoboToolbox ziko nje ya nchi, hivyo suala la masharti ya sheria lishughulikiwe mapema.

DHIS2 inafaa sana kwa ngazi kama zetu na haina ada ya leseni, lakini inahitaji seva na mtaalamu wa kuitunza. Kwa kituo chenye biashara ishirini ni mzigo mkubwa. Kwa dayosisi nzima au dayosisi kadhaa kwa pamoja, inaweza kulipa.

Maoni yetu ni kwamba kituo kidogo kianze na fomu za simu, namba badala ya majina, na orodha ya kuunganisha namba na majina ifungwe kabatini usharikani. Mashine ya bei ghali haitasaidia ikiwa orodha hiyo imebandikwa ukutani.

Tahadhari moja zaidi: hata jumla inaweza kumtaja mtu. Tukiandika kwamba katika mtaa fulani mwanamke mmoja mkamuaji alizeti amechelewesha mkopo, kila mtu atamjua. Kundi likiwa na watu chini ya watano, liunganishwe na jingine kabla ya kutoa taarifa.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika: teueni mtu mmoja mwenye jukumu la kutunza taarifa, na msimwandike mtu kabla hajaelezwa kwa lugha anayoielewa taarifa zake zitatumikaje. Akikataa kutaja faida yake, asinyimwe mafunzo. Aidha, kila robo mwaka wasomeeni wanavikundi matokeo ya jumla, ili nao wafaidike na hesabu walizotoa.

Kwa wafadhili: mkiomba taarifa, ombeni jumla na njia ya kuzihakiki. Mkaguzi anaweza kuja Babati, akachagua namba chache bila kutuambia mapema, na kwa ridhaa ya wenye biashara akaoneshwa daftari na mashine inayofanya kazi. Ukaguzi wa namna hiyo una nguvu kuliko orodha ya majina mia iliyotumwa kwa barua pepe. Pia tunaomba bajeti ya ufuatiliaji itaje wazi gharama za seva, mafunzo na nakala ya akiba, kwa kipindi kinachovuka mwisho wa mradi, kwani biashara tunazotaka kuzipima miaka miwili baadaye hazitapimwa na mfumo uliozimwa siku fedha zilipokwisha.