Mazoezi ya Ukinzani na Uwezo wa Kimwili wa Watu Wenye Ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari Mwingereza James Parkinson mwaka 1817, huambatana na kufa kwa seli za ubongo zinazozalisha dopamini. Dalili zake kuu ni mwendo wa polepole, kukakamaa kwa misuli na kutetemeka. Baadaye mgonjwa hupoteza pia uthabiti wa kusimama. Dawa ya levodopa hupunguza dalili hizo, lakini haizuii ugonjwa kuendelea. Ndiyo maana mazoezi yamepewa nafasi katika matibabu. Makala hii inafafanua mazoezi ya ukinzani, yaani yale ambayo misuli hushindana na uzito, na inahoji iwapo nguvu inayopatikana hugeuka kuwa uwezo wa kutenda.

Udhaifu wa mgonjwa hauanzii kwenye misuli pekee. Amri ya ubongo huifikia misuli ikiwa hafifu, hivyo mgonjwa huchelewa kupata nguvu anayoihitaji kwa haraka, kwa mfano anapoinuka kitini au anapojikwaa. Aidha, anayeogopa kuanguka hutembea kidogo, na misuli isiyotumika hunywea. Mazoezi ya ukinzani hulenga mambo yote mawili: huikuza misuli na huuzoesha mfumo wa neva kuiamsha kikamilifu. Sharti lake ni kuongeza mzigo hatua kwa hatua, kwa kuwa mwili huuzoea mzigo usiobadilika.

Sharti hilo lilipimwa katika jaribio lililofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2013 na Daniel Corcos na wenzake. Washiriki 48 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, yote yakifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi 24. Kundi moja liliongezewa uzito kadiri lilivyoimarika. Jingine lilinyoosha viungo, likafanya mazoezi ya mizani na ya nguvu yasiyoongezwa mzigo. Dalili zilipimwa washiriki wakiwa hawajatumia dawa. Baada ya miezi 6 makundi hayakutofautiana. Baada ya miezi 24 kundi la ukinzani lilikuwa na nafuu zaidi kwa alama 7.3.

Hata hivyo, kipimo hicho hukadiria dalili, si shughuli za kila siku. Vipimo vya utendaji katika jaribio hilohilo, vikiwemo kuinuka kitini na kutembea, vilionyesha kuwa makundi yote mawili yaliimarika bila tofauti ya maana kati yao. Kwa kuwa hapakuwa na kundi lisilofanya mazoezi, haiwezekani kudai kwamba maendeleo yote yalitokana na mazoezi. Linaloweza kusemwa ni kwamba ukinzani ulikuwa bora kwa dalili, lakini haukuonyesha ubora huo kwa utendaji.

Hivyo basi, anayelenga utendaji hana budi kuunganisha ongezeko la mzigo na zoezi la tendo lenyewe: kuinuka kitini, kupanda ngazi, kugeuka. Mazoezi yafanyike chini ya uangalizi, wakati dawa inafanya kazi, kwa tahadhari dhidi ya kizunguzungu kinachosababishwa na kushuka kwa shinikizo la damu mgonjwa anaposimama. Kwa mtafiti, funzo ni kwamba nguvu, dalili na utendaji ni mambo matatu yanayopaswa kupimwa kila moja peke yake, kwa muda unaozidi miezi 6.