Vinywa viwili, wanga mmoja

Kigae cheupe cha maabara kina vishimo kumi na viwili, na kila kishimo kina tone la iodini lenye rangi ya chai ya mkandaa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anachota uji wa wanga aliouchanganya na mate yake na kudondosha tone kwenye kishimo cha kwanza. Papo hapo linakuwa buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Baada ya nusu dakika, kishimo cha pili: nyeusi vilevile. Cha tatu kinaingia zambarau, cha nne hudhurungi yenye wekundu. Cha tano iodini inabaki ilivyokuwa, wanga umekwisha. Mwenzake wa meza hiyohiyo ameanza naye pamoja, kwa uji uleule na maji ya uvuguvugu yaleyale. Yuko kishimo cha tisa, na bado ni cheusi.

Nilikuwa wilayani Karatu kufuatilia bei ya vitunguu vya Mang'ola. Habari ya vitunguu niliimaliza, ila vishimo vile havikuniacha.

"Kila mwaka wananiuliza nani amekosea," anasema mwalimu wao wa bailojia, ambaye wanafunzi humwita Madam. "Nawaambia hakuna. Kimeng'enya ni kilekile, amilesi. Kinachotofautiana ni kiasi."

Majina ya vimeng'enya huyafundisha kabla ya jaribio. Chukua kinachovunjwa, anawaambia, umalizie na -esi: lipidi ina lipesi, laktosi ina laktesi. Mkia huo ulitoka kwa diastesi, ambayo Anselme Payen na Jean-François Persoz waliitoa kwenye shayiri iliyochipua, Ufaransa, mwaka 1833. Émile Duclaux alipendekeza mwaka 1898 kwamba vimeng'enya vyote viupokee. Kile cha mate kilikuwa kikiitwa ptialini, na jina hilo likazikwa. Pepsini ya tumboni, aliyoitambua Theodor Schwann mwaka 1836, imebaki na lake hadi leo.

"Wananiuliza kwa nini pepsini iliachwa. Nawajibu mazoea. Jibu lenyewe haliniridhishi."

Ubaoni anaandika pia namba ya amilesi katika orodha ya kimataifa ya vimeng'enya: 3.2.1.1. Tarakimu ya 3 ni kundi la vimeng'enya vinavyokata kwa msaada wa maji. 1 ya mwisho inasema amilesi ndiyo iliyoandikwa ya kwanza katika safu yake. Anaipenda namba hiyo. Ila jina na namba, anasema, vinakueleza kazi tu. Mwenye kinywa havimtaji.

Habari za mwenye kinywa zimo kwenye jeni iitwayo AMY1, ambayo binadamu huibeba kwa nakala nyingi. Mwaka 2007 mtafiti George Perry na wenzake walizihesabu. Jamii zinazokula wanga kwa wingi zilikuwa na wastani wa nakala kati ya 6 na 7. Zinazokula kidogo, zaidi kidogo ya 5. Wahadzabe, wachimbaji wa mizizi, walikuwa upande wa kwanza. Wadatoga, watu wa ng'ombe na maziwa, upande wa pili. Jamii zote mbili zinapatikana katika bonde la Eyasi, chini tu ya shule hii.

Nilimuuliza Madam kama huwaeleza wanafunzi hayo. Alinyamaza, akaanza kukusanya vigae.

"Nawaeleza. Ila siulizi kabila la mtu mbele ya kigae. Ndani ya jamii moja tu watu wanapishana sana kwa nakala. Sitaki mtoto atoke hapa akidhani kabila lake limeandikwa kwenye mate."

Ana haki ya kuogopa hilo. Tofauti ya zaidi ya vishimo vinne inaweza kuwa na sababu nyingi: kiu, kifungua kinywa, mwendo wa asubuhi, mate yaliyochanganywa na maji mengi mno. Alimwambia yule wa kishimo cha tisa anywe maji, apumzike, arudie kwa vipimo vilevile. Safari hii wanga ulikwisha kishimo cha nane. Mwenzake naye alirudia, akamaliza tena cha tano.

"Sasa hapo ni jeni, au ni chai ya asubuhi?" Madam aliuliza. Kifaa cha kuhesabu nakala maabara yake haina, na wanafunzi wawili walikuwa wakimtazama wakisubiri jibu.