Mirathi: wakili hutafutwa lini, na wapi?



Miaka miwili iliyopita, kwa michango yenu, idara yetu ilimsaidia mjane mmoja wa kigango cha mbali kuezeka nyumba yake kwa bati 24. Mwaka jana tulipokwenda kumtembelea tulikuta bati zipo, kuta zipo, ila mjane hayupo. Shemeji yake alikuwa amehamia na familia yake. Alitutolea muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi saba, uliomtaja yeye kuwa "mrithi na msimamizi wa mali zote za marehemu". Mama alikuwa amerudi kwao na watoto watatu. Kamati ya kigango, kwa nia njema kabisa, ilikuwa imechanga shilingi 180,000 kumlipa "mwanasheria" mwenye meza karibu na stendi ya mabasi. Aliandika barua moja ya maneno makali, kisha simu yake haikupatikana tena.

Tunaeleza habari hii kwa idhini ya mama huyo, bila kumtaja, kwa sababu kamati kadhaa zimetuuliza jambo hilohilo: tumpate wapi wakili wa mirathi? Swali ni jema, ila mara nyingi huulizwa mtu akiwa ameshanyang'anywa, na wakati mwingine huulizwa hata pale ambapo wakili hahitajiki.

Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama inateua

Tuanze na ile karatasi ya shemeji. Kikao cha ukoo ni desturi nzuri, na mahakama nyingi hupenda kuona muhtasari wake. Lakini kikao hakina mamlaka ya kumteua msimamizi wa mirathi. Kinapendekeza jina tu. Anayeteua ni mahakama, baada ya tangazo kutolewa ili mwenye pingamizi alilete. Mtu mwenye muhtasari bila barua ya usimamizi kutoka mahakamani hana uwezo wa kuuza kiwanja wala kuchukua fedha za marehemu benki.

Aidha, hata aliyeteuliwa na mahakama si mrithi kwa sababu ya uteuzi huo. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kutoa hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Asipofanya hivyo, au akifuja, warithi wanaweza kuomba aondolewe. Katika semina zetu hakuna jambo linalowashangaza watu kama hili. Wengi hudhani msimamizi ndiye mwenye mali mpya.

Sheria ipi itatumika?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwani Tanzania Bara haina sheria moja ya urithi. Kuna sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na sheria iliyoletwa na Waingereza kutoka India, iliyotungwa mwaka 1865. Waumini wetu hudhani kwamba Mkristo moja kwa moja hufuata hiyo ya tatu. Sivyo. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi: je, aliishi kwa kufuata mila za kabila lake, au alikuwa ameziacha? Mkulima aliyebatizwa, akaoa kanisani, lakini akaishi maisha yake yote katika shamba la ukoo, anaweza kuhesabiwa kuwa mtu wa sheria za mila.

Tofauti yake ni kubwa. Kwa sheria ya 1865, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili, wa kike sawa na wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, mjane hana fungu ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti naye huwekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote.

Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa dosari za kiutaratibu, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema kuwa haki zao zilivunjwa. (Mabinti wa Selofehadi, katika Kitabu cha Hesabu sura ya 27, walijibiwa haraka zaidi.)

Hata hivyo mjane hana mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kuwa na mali yake mwenyewe. Ng'ombe aliyemnunua yeye haingii katika mirathi ya mumewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake.

Wosia

Njia rahisi ya kupunguza haya yote ni mume na mke kuandika wosia wakiwa wazima. Tunajua wengi wanaona kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Paroko mmoja wetu huwajibu kwamba hata mahindi huwekwa ghalani kabla ya njaa.

Kwa kanuni za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Na wosia wa mdomo ni hivyohivyo. Msimweke mrithi kuwa shahidi. Anayetaka kumnyima mtoto urithi lazima aseme hivyo waziwazi na kutaja sababu inayokubalika. Wosia unaweza kuhifadhiwa na wakili, benki, parokia au RITA, ambayo pia husaidia kuuandika.

Basi, wakili

Mwanasheria na wakili si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria bila kuwa wakili. Wakili ameapishwa, yumo katika orodha ya Mahakama, na hutakiwa kuhuisha leseni yake kila mwaka. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwombeni namba yake ya uwakili, kisha muulizie kwa Chama cha Wanasheria Tanganyika au katika mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Wakili wa kweli hakasiriki kuulizwa. Makubaliano ya malipo yaandikwe, na stakabadhi itolewe. Pia muulizeni amewahi kushughulikia mirathi ngapi katika wilaya yenu. Hodari wa kesi za jinai mjini huenda hajui lolote kuhusu shamba la ukoo.

Lakini mirathi ndogo isiyo na ugomvi haihitaji wakili. Mjane mwenyewe anaweza kuifungua katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, akiwa na cheti cha kifo, majina ya warithi na orodha ya mali. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, husaidia kujaza fomu bila malipo. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri atawaelekeza walipo. Mashirika kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nayo husaidia wasio na uwezo. Fedha ya kamati iwekwe kwa ajili ya nauli, cheti cha kifo na ada za mahakama. Wakili atafutwe pale panapokuwa na nyumba yenye hati, kampuni, wosia unaopingwa, au shauri linapofika mahakama za juu.

Na mama yetu? Alifungua mirathi mwenyewe akisaidiwa na msaidizi wa kisheria wa kata. Shemeji aliweka pingamizi, likasikilizwa, na mahakama ikamteua mama kuwa msimamizi. Amerudi chini ya bati zile 24. Shamba la migomba bado lina mgogoro, na shauri lake limepangwa kutajwa tena. Kuanzia robo hii, kabla ya kuezeka nyumba ya mjane yeyote, idara itaiomba kamati husika nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi, au uthibitisho kwamba imeombwa.