Umeachiwa Grupu? Anza na Nambari ya Malipo

Admini wa kitambo amechoka. Pengine amehama mji, pengine kazi imembana, au ni zile simu za saa sita usiku zimemshinda. Anaandika kwenye grupu kwamba kuanzia Jumatatu wewe ndiwe utakayeshika usukani. Wanachama mia tano wanapiga makofi ya emoji, na ghafla wewe ndiwe mwenye nyumba.

Liwe ni grupu la WhatsApp la kuuza mitumba, la wazazi wa darasa moja, la wapangaji wa ploti, au grupu la Facebook la wafugaji wa kuku, wengi wakikabidhiwa huanza na mapambo: picha mpya, jina jipya, sheria mpya. Sisi tunashauri uanze na ile nambari ambayo watu hutumia kulipa. Grupu likihama kutoka kwa mwenyewe mmoja hadi mwingine, hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Ulichopewa hasa ni nini?

Kuwa admini ni kupewa funguo tu. Unaweza kuongeza mtu, kumtoa, kufuta ujumbe. Lakini kilichofanya mama wa Githurai atume shilingi 300 bila kuuliza maswali ni imani aliyomjengea yule wa kwanza kwa miaka. Imani hiyo haiji pamoja na funguo.

Hata mitandao mikubwa imeonja hayo. Freenode ulikuwa mtandao mkongwe wa gumzo uliotumiwa na watengenezaji wa programu za kompyuta. Mwaka 2021 kulizuka mvutano kuhusu nani hasa ana usemi juu yake. Mwezi Mei mwaka huo, watu waliokuwa wakiuendesha kwa kujitolea walijiuzulu wakaanzisha mwingine, Libera Chat. Jamii kubwa kama Ubuntu na Wikimedia zikahamia huko. Mmiliki alibaki na jina, watu wakaenda zao.

Jambo lingine: ukiombwa pesa ili uuziwe grupu la Facebook, tulia kwanza. Kanuni za Facebook zinakataza kuuza au kununua nafasi ya uadmini. Ukilipa elfu ishirini kisha muuzaji akuzungushe, au grupu lifungwe, utakuwa umelipia kitu ambacho hakikupaswa kuuzwa. Kulalamika huko kutakuwa kugumu.

Hesabu kabla ya kusema "nimekubali"

Pesa iliyolipwa jana ni kazi unayodaiwa wewe kesho. Tuseme grupu lina wauzaji 40, na kila mmoja alilipa shilingi 300 za matangazo ya miezi mitatu. Mwezi mmoja umepita. Imebaki miezi miwili kwa kila mtu, yaani shilingi 200 mara 40. Hizo ni shilingi 8,000 za huduma ambazo wewe utazitoa, ilhali pesa yenyewe iliingia kwa mwenzako na huenda alishanunua unga.

Kwa hivyo kaeni chini nyinyi wawili na muandike:

• Nani amelipa, amelipa nini, na muda wake unaisha lini.
• Michango iliyokusanywa lakini haijafika ilikokusudiwa, kama ya matanga au ya hospitali.
• Salio lililopo siku ya makabidhiano, mkilinganisha na taarifa ya akaunti ya miezi sita iliyopita. Daftari peke yake halitoshi.
• Nani anadaiwa na grupu, na grupu linadaiwa na nani.

Mkimaliza, nyote wawili mtie sahihi, na mwanachama mmoja anayeheshimika awe shahidi. Kisha weka muhtasari kwenye grupu ili kila mtu auone. Kama hesabu haifungi, sema haifungi. Ni afadhali swali likaulizwa sasa akiwa bado anapokea simu.

Usirithi laini ya mtu

Hili tunalirudia kila mara. Admini anaondoka na kusema, "Chukua tu laini hii, watu wameizoea, PIN ni hii." Inaonekana ni njia rahisi, lakini usiichukue.

Kwanza, laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Siku mkikosana, anaingia dukani na kitambulisho hicho, anapewa laini nyingine ya nambari ileile, na ile uliyo nayo mkononi inakufa. Pesa yote iliyomo inabaki kwake, na kwa karatasi yeye ndiye mwenyewe.

Pili, madeni yake yanakaa humohumo. Kama laini hiyo ina mkopo wa ziada ambao hajaulipa, yaani ule unaokuwezesha kulipa hata salio likiwa limeisha, pesa inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni. Mchango wa matanga unaweza kuliwa na deni la mtu ambaye hata hayuko tena kwenye grupu.

Tatu, mwanachama akitaka kulipa, jina linalomtokea kwenye skrini ni la yule aliyeondoka. Utawezaje kumwambia ajihadhari na matapeli huku ukimfundisha kulipa jina ambalo si lako?

Fungua nambari yako. Kama ni biashara, chukua till kwa jina la biashara. Kama ni chama cha kuchangiana, kisajilisheni kama kikundi cha kijamii, kisha akaunti iwe ya kikundi na iwe na watia sahihi zaidi ya mmoja. Tangu 2022 Kenya ina sheria yake ya usajili wa vikundi vya kijamii, na cheti hicho hurahisisha mambo unapoomba akaunti.

Siku ya kubadilisha nambari

Tapeli anapenda sana siku hii. Anaingia kwenye grupu kupitia kiungo cha zamani, anaweka picha yako, kisha anawaandikia wanachama faraghani: "Hii ndiyo nambari mpya, ile nyingine ina shida." Kwa kuwa kweli kuna mabadiliko, watu wanaamini.

Mfungie mlango hivi:

1. Badilisha kiungo cha mwaliko ili cha zamani kisifanye kazi. Ruhusu maadmini peke yao kuandika kwa siku mbili tatu.
2. Admini wa zamani atangaze kwanza, kwa sauti yake. Ujumbe wa sauti ni mzuri hapa, kwani watu wanamjua anavyoongea.
3. Wewe ufuate, utaje nambari na jina kamili litakalotokea mtu akilipa.
4. Bandika tangazo juu ya grupu. Wanachama wasiotumia intaneti sana, watumie SMS au uwapigie simu.
5. Mkubaliane hadharani: nambari haitabadilishwa kamwe kwa ujumbe wa faragha.

Tangazo lenyewe si lazima liwe refu. Unaweza kuandika hivi: "Kuanzia tarehe 1, malipo yote ni kwa till mpya iliyobandikwa hapo juu. Jina litakalotokea ni hili. Likitokea jina tofauti, usiweke PIN. Nambari ya zamani haitumiki tena. Aliyekwisha kulipia mwezi huu halipi tena."

Nambari ya zamani haitasahaulika kwa siku moja, na kuna mtu atatuma huko kwa mazoea. Kubalianeni kwamba kwa mwezi mzima admini wa zamani atarudisha kila shilingi kwa aliyetuma. Akikuhamishia wewe, hesabu zitachanganyika na hamtajua nani kalipa nini.

Majina na nambari za watu

Pamoja na grupu unapata kitu kingine chenye thamani: orodha ya nambari za simu za mamia ya watu. Punde si punde atakuja mtu wa mikopo au wa kamari akitaka kuinunua. Usiiuze. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa hizi, na Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya wananchi. Mtu aliyejiunga kutafuta viatu vya mtoto hakukubali kupigiwa simu za mikopo. Na wanachama wakijua umewauza, hata ile till yako mpya itakauka.

Kama wewe ni mwanachama

Umesikia admini amebadilika? Usitume chochote siku hiyo. Mpigie admini wa zamani kwa nambari uliyo nayo tangu zamani, ile iliyoletwa na ujumbe wa leo iache. Ukianza kulipa, soma jina kabla ya kuweka PIN. Kama umeshatuma kwa nambari usiyoiamini, wasiliana na huduma kwa wateja saa hiyohiyo na uombe muamala urudishwe. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha huwa kibarua. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu, wala admini yeyote wa kweli, atakayekuuliza PIN.

Wewe uliyeachiwa usukani, jipe miezi mitatu ya kwanza ya kuweka hesabu wazi kila mwisho wa mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Picha na jina la grupu vinaweza kungoja mwezi wa nne.