Kasi, Mahandaki na Maji: Athari za Kimazingira za Treni ya Sumaku nchini Japani

Treni ya umeme huhesabiwa kuwa chombo safi kwa sababu haitoi moshi njiani. Makala haya yanafafanua kwa nini kigezo hicho hakitoshi kuipima treni inayoelea kwa nguvu ya sumaku, kwa kutumia mfano wa njia ya Chuo Shinkansen inayojengwa kati ya Tokyo na Nagoya.

Treni hiyo imesanifiwa kwenda kilomita 500 kwa saa, ilhali treni za magurudumu katika njia ya sasa ya Tokaido huishia kilomita 285. Ikielea, msuguano wa magurudumu huondoka, lakini ukinzani wa hewa hubaki. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani huo huwa takribani mara nne. Umeme mwingi zaidi huhitajika, nao umeme wa Japani kwa zaidi ya nusu hutokana na gesi, makaa ya mawe na mafuta. Hivyo basi, moshi haujatoweka, bali umehamia kwenye mitambo ya kufua umeme.

Aidha, chombo chenye kasi hiyo hakiwezi kukata kona kali. Njia hulazimika kunyooka, na katika nchi ya milima njia iliyonyooka hupita chini ya ardhi. Takribani asilimia 86 ya kilomita 286 za njia hiyo ni mahandaki. Handaki likipasua miamba iliyohifadhi maji, maji hayo huvujia ndani yake badala ya kulisha mito.

Hofu hiyo ilijitokeza mkoani Shizuoka, ambako mto Oi hutegemewa kwa maji ya kunywa, kilimo cha chai na viwanda. Mwaka 2013 kampuni ya reli ilikadiria kwamba mto ungeweza kupungukiwa na mita za ujazo 2 kwa sekunde iwapo hatua za kuzuia hazingechukuliwa. Mkoa, ambao hautapata hata kituo kimoja cha treni hiyo, ulikataa kuruhusu ujenzi wa handaki. Machi 2024 kampuni ilitangaza kwamba lengo la kuanza safari mwaka 2027 halingefikiwa.

Watetezi wa mradi huilinganisha treni hii na ndege. Hata hivyo, kati ya Tokyo na Nagoya wasafiri wa ndege ni wachache mno. Wengi tayari hupanda treni. Kwa safari hiyo, ulinganisho wa haki ni baina ya treni mpya na ile iliyopo, na gharama ya dakika zitakazookolewa ihesabiwe pamoja na maji ya mto Oi.